Firigisi ya Jumamosi

Huku nyuma ya soko la Malinya, mtu akitaka kumsifu Maximilla husema, "Yule hajawahi kula kwangu." Mgeni asiyejua mambo yetu atadhani ni tusi. Kuku ndiye heshima ya nyumba: mgeni akiingia, jogoo haioni jioni, na anayesukuma kando sahani ya ingokho, yaani kuku huyo, amemtukana mwenye boma, mkewe na jogoo mwenyewe. Lakini Maximilla alikuwa liguru, yaani mzee wa kijiji, na kwa miaka kumi na tisa alizisukuma sahani hizo moja baada ya nyingine, kwa upole, huku akimeza mate.

Kazi ya liguru haina ofisi wala sare. Ni kugongewa mlango alfajiri na watu wawili waliogombania mpaka, au ng'ombe aliyelala shambani mwa jirani, au siku hizi shimo la dhahabu ambalo mdomo wake uko kwa huyu na tumbo lake liko kwa yule. Maximilla alichaguliwa kwa sababu alikuwa na sauti kubwa na hakumwogopa mlevi yeyote. Hekima haikuwemo kwenye hesabu. Ilimjia baadaye, na ilimjia kwa aibu.

Mwaka wake wa kwanza kazini, jirani mmoja aitwaye Osiako alimwalika siku ya Jumanne, akamchinjia. Maximilla akala, akasifu mchuzi, akafungiwa na paja la kumpelekea mumewe, Protus. Alhamisi yake kesi ya mpaka kati ya Osiako na Selpher ikaletwa mbele yake. Aliamua kwamba mpaka ni wa Osiako, na aliamua sawa. Wazee waliokuwepo miti ya mpaka ikipandwa walisema vilevile. Lakini Selpher, rafiki yake tangu wote wawili walipoolewa kijijini, aliyesimama naye bega kwa bega kwenye kwaya ya kanisa, aliinuka mbele ya watu akasema, "Maximilla, mdomo wako bado unanuka mchuzi wa Osiako." Watu wakaangua kicheko. Hukumu ilikuwa ya haki na hakuna aliyeiamini. Siku hiyo Maximilla akaapa kwamba hatakula tena katika nyumba yoyote ya kijiji chake, kwa kuwa hakuna nyumba isiyoweza kuwa na kesi kesho.

Kiapo alikitimiza. Kisha akagundua jambo ambalo hakuna aliyemwonya. Mtu asiyekula kwa watu, watu huacha kumwalika. Kwanza walimwalika na kusikitika, kisha wakamwalika kwa mdomo tu, halafu wakasahau. Kwenye mazishi na harusi alikaa kiti cha mbele, mikono mapajani, akiwatazama wenzake wakilamba vidole. Selpher aliishi ng'ambo ya ua wa michongoma, karibu kiasi cha kumsikia akikohoa, na tangu sahani zake nazo ziliposukumwa hawakuwahi kuzidisha salamu.

Protus alipokuwa hai mambo yalikuwa na nafuu. Alikuwa mcheshi, na mahali mkewe aliposukuma sahani yeye aliivuta, akisema, "Mimi sina cheo, leteni huku." Nyumbani Maximilla alimpakulia firigisi, kwa sababu huku firigisi ni ya mwanamume mwenye boma, na mwanamke aliyelelewa vizuri hata haionji. Protus akafa kwa ugonjwa wa moyo. Watoto walikuwa wameshatawanyika: Sydney yuko Mombasa, hupiga simu Jumapili akiwa na haraka, Nafula ameolewa Shinyalu, ana majani chai yake na mwanawe Bravin, aliye chuoni. Maximilla akawa anapika chakula cha mtu mmoja kwenye sufuria ya watu sita. Kila alipochinja, firigisi ilienda kwa paka. Alikuwa mpweke, na kwa kuwa alikuwa kiongozi hakujua amwambie nani.

Ndipo chuo cha Bravin, kilichoko mjini Kakamega, kikaleta mpango wake. Mwalimu Cheptoo, aliyeusimamia, alifika kwa naibu wa chifu akaeleza kwamba kila mwanafunzi anayetaka kugombea uongozi wa wanafunzi atakaa Jumamosi kumi na mbili na kiongozi wa mashinani, ajifunze uongozi wa maadili. Wengine walipewa wachungaji, wengine wenyekiti wa vikundi vya akina mama. Maximilla akapewa msichana aitwaye Mitchel, binti wa wakulima wa mahindi kutoka Lugari, mrefu, mwenye miwani na daftari jipya.

"Madam, naomba unieleze kanuni zako za uongozi," Mitchel alisema siku ya kwanza, kalamu tayari.

"Kanuni?" Maximilla akacheka. "Mimi si madam. Niite Kukhu, kama nyanya yako. Vaa viatu vya matope, twende."

Wakati huo kulikuwa na kesi ya Osundwa na Zipporah. Osundwa alikuwa amechimba shimo la dhahabu nyuma ya mahindi yake, na Zipporah, mjane wa jirani, alilalamika kwamba shimo limepita chini ya migomba yake. Walipofika kwa Zipporah kutazama, sahani ilikuwa inawangoja, mvuke unapaa. Maximilla akashukuru, akaisukuma. Mitchel alikuwa ametoka chuoni bila chai. Akala mapaja mawili, na shingo pia.

"Mimi sikulangi kwa mtu ninayeweza kumwamulia kesi," Maximilla alimwambia njiani. "Wewe umeshakula. Basi kwa kesi hii huna mdomo."

Mitchel alicheka. Lakini juma lililofuata, watu walipokusanyika na kamba ikanyoshwa kutoka mti hadi mti, alitaka kusimama amtetee yule mjane. Maximilla akamtazama. Msichana akarudi chini taratibu, uso ukiwaka. Kamba ilionyesha kwamba shimo lilikuwa upande wa Osundwa kwa hatua mbili nzima. Maximilla akaamua hivyo, akamwagiza Osundwa afukie ile sehemu iliyokuwa karibu na jiko la Zipporah kabla ukuta haujaanguka, na hakuna aliyenung'unika zaidi ya kawaida.

"Kukhu, kusema ukweli, mimi ningempea Zipporah," Mitchel alikiri.

"Najua. Mapaja mawili si mchezo."

Tangu siku hiyo wakawa marafiki, kama mtu wa miaka sitini na minne anaweza kuwa rafiki wa mtu wa ishirini na moja. Asubuhi za Jumamosi ngoma za isukuti zilisikika kutoka kiwanja cha kupiganisha mafahali, na Maximilla, ambaye zamani aliziona kelele, sasa alizipenda kwa sababu zilimaanisha Mitchel yuko njiani. Alimfundisha kumsikiliza anayelia na asiyelia kwa muda uleule. Alimfundisha kutopeleka barua ya chifu nyumbani kwa mtu akiwa na wageni. Wakimaliza walirudi nyumbani, Maximilla akachinja, na firigisi akampakulia msichana.

"Si hii ni ya wanaume?" Mitchel aliuliza mara ya kwanza.

"Unaona mwanaume hapa?"

Jumamosi ya sita Mitchel alikuja na unga wa mahindi ya kwao Lugari, akamwamuru bibi akae, akasonga obusuma, ugali wa kwetu, mwenyewe, akapika na mboga ya mrenda. Maximilla akala. Katikati ya tonge la tatu akakumbuka kwamba tangu kiapo chake hakuwa ameonja chakula kilichopikwa na mkono wa mtu asiye wa damu yake, akaanza kulia, machozi ya aibu na furaha pamoja. Msichana akadhani pilipili imezidi.

Hapo ndipo alipokosea, ingawa hakuona. Liguru wa miaka kumi na tisa kazini, aliyeogopa mchuzi wa kijiji kizima, hakuogopa mrenda wa Mitchel hata kidogo. Kichwani mwake msichana hakuwa mtu wa kuamuliwa. Alikuwa mgeni wake.

Jumamosi ya saba Mitchel hakuja. Alituma ujumbe kwamba wana mtihani. Maximilla alikuwa ameshachinja. Ya nane alikuja, ya tisa akasema kuna mvua mjini, na huku Malinya jua lilikuwa linapasua vichwa. Ya kumi hakutuma hata ujumbe. Maximilla aliketi mlangoni mpaka ngoma za mafahali zikanyamaza na watu wakaanza kurudi, akijifanya anachambua maharagwe. Selpher alipita nje ya ua akachungulia, akaona sahani mbili mezani, akaenda zake bila neno. Ya kumi na moja alingoja tena, bure.

Jumamosi ya kumi na mbili Mitchel alifika mapema kwa boda boda, amesuka nywele upya, na fomu mkononi. Fomu ilikuwa na mistari kumi na miwili ya tarehe, na chini mahali pa sahihi ya kiongozi. Alikuwa ameshajaza tarehe zote.

"Weka tu sahihi hapa chini, Kukhu. Uchaguzi ni mwezi ujao. Nilikuwa nazunguka hosteli naomba kura, ndio maana sikuwa nakuja. Ukiandika nane sitagombea."

Sufuria ilikuwa inatokota jikoni. Maximilla aliipitia mistari ya fomu kwa kidole.

"Ulikuja mara nane," alisema.

"Lakini nimejifunza yote! Hata wewe unajua. Kuna wenzangu wamekuja mara mbili wakawekewa zote." Msichana akamshika mkono. Hakuwa na hila. Alisema lililokuwa moyoni. "Na mimi sitakuacha, Kukhu. Hata mpango ukiisha nitakuwa nakujanga kila Jumamosi. Tutapika pamoja."

Maximilla aliyataka maneno hayo kuliko kitu chochote alichowahi kutaka tangu azike mume. Akaona Jumamosi zote zilizobaki za maisha yake, na sahani mbili katika kila moja. Akajua pia ni kitu gani amewekewa mbele, maana alikuwa amewekewa mara nyingi, kwa mvuke na kwa mchuzi; ila safari hii alikuwa ameshakula kwa wiki nyingi kabla ya kesi kufika. Akachukua kalamu, akakata tarehe nne, polepole, kwa mistari iliyonyooka. Chini akaandika: *Alikuja mara nane.* Akatia sahihi.

Mitchel aliisoma. "Nilidhani unanipenda," akasema.

"Nakupenda."

"Basi ningeenda kwa mchungaji." Akakunja fomu, akatoka. Firigisi ilikuwa bado ndani ya sufuria.

Habari zilizofuata Maximilla alizipata kwa naibu wa chifu. Mwalimu Cheptoo alimruhusu Mitchel kulipia Jumamosi nne alizokosa, na uchaguzi ukasogezwa mbele kwa sababu za chuo chenyewe, kwa hiyo akagombea. Jumamosi nne hizo alizifanyia Shinyalu, kwa mchungaji. Maximilla alisema, "Ni vizuri," akauliza habari ya mbolea ya serikali. Kisha akapita njia ndefu kurudi nyumbani, ile isiyo na watu, kwa sababu uso wake haukumtii. Mchungaji! Hata lile kosa angekuja kulilipia hapa Malinya, basi. Angalau kosa.

Mitchel akashinda, akawa katibu wa wanafunzi. Ikapita miezi mitano. Jogoo wa Maximilla wakazeeka.

Alhamisi moja Nafula alipiga simu kutoka Shinyalu, analia. Bravin amekamatwa na karatasi ndani ya soksi katika chumba cha mtihani. Kesi yake itasikizwa Jumatano na kamati ya nidhamu, na katibu wa wanafunzi ana kiti humo.

"Si ni yule msichana wako, Mama? Mpigie. Neno moja tu. Ni mjukuu wako huyu."

"Nafula, unanijua."

"Nakujua," Nafula alisema, na sauti yake ikakauka. "Ulitunyima hata mialiko ya majirani kwa ajili ya hiyo sifa yako. Sasa mnyime Bravin pia." Akakata simu.

Jumamosi, isukuti ikiwa ndiyo kwanza inaanza, mbwa akabweka na Mitchel akasimama mlangoni. Miwani ileile. Amekonda kidogo.

"Mulembe, Kukhu."

Maximilla hakuuliza kilichomleta. Miguu ilimbeba yenyewe mpaka uani, akamkimbiza jogoo mzee kuzunguka ghala, mwanamke mzima, leso ikidondoka, akicheka peke yake. Akachinja, akanyonyoa, akapika kwa haraka ambayo nyama ya jogoo mzee haiikubali. Mitchel alimsaidia kuni na maji, akaongea kidogo. Nyama ilipoiva kiasi cha kutafunika, Maximilla akapakua, akaweka firigisi juu ya sahani ya msichana, akaleta maji ya kunawa.

Mitchel hakunyosha mikono.

"Kukhu, sitakula."

"Umeshiba?"

"Nina njaa sana. Sijakunywa hata chai." Alikuwa anaitazama sahani. "Jumatano tunasikiza kesi ya Bravin. Niliwaambia nilikula kwako nikiwa mwanafunzi wako, wanitoe. Wakasema hiyo ni zamani, tuko watu watatu tu, nikitoka kesi haikai. Nimekuja unisikie kwa mdomo wangu, usisikie kwa watu. Sikuja kuuliza kitu, na usinieleze kitu."

"Sitakueleza." Maximilla alikuwa bado ameinamisha jagi, maji yanadondoka ndani ya beseni. "Lakini chakula ni chakula. Mimi sijasema neno lolote juu ya Bravin. Kula kidogo tu, mwanangu. Nani ataona? Onja tu firigisi, nisione aibu."

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Aliyajua. Zipporah aliyasema. Mke wa Osiako aliyasema, na mama wa Osundwa, na wanawake wa kila boma kutoka hapa hadi mtoni, mmoja mmoja, wakiwa wameshika jagi namna hiihii na mgongo umeinama: nisione aibu. Miaka yote alijua uchungu wa mtu anayeikataa sahani. Hakuwahi kukaa upande wa pili wa meza, mahali pa yule anayebaki na chakula alichokipika kwa moyo wote. Alidhani upweke ulikuwa wake peke yake.

"Pole, Kukhu," Mitchel alisema, na machozi yakamtoka nyuma ya miwani. "Nakupenda."

Maximilla akaweka jagi chini.

"Najua," akasema. "Usikule."

Akamsindikiza mpaka barabarani. Hawakusema watakutana lini, kwa kuwa wote wawili walijua Jumatano ina njia nyingi. Huenda Bravin akafukuzwa chuo na Nafula asimpigie mama yake tena. Huenda akasamehewa, na watu waseme ni kwa sababu ya kuku wa Malinya, na katibu wa wanafunzi asithubutu kukanyaga boma hili mpaka amalize masomo. Boda boda ikaja. Mitchel akapanda, akageuka mara moja, akashuka na kilima.

Nyumbani sahani mbili zilikuwa mezani. Ng'ambo ya ua Selpher alikuwa anafua, akipiga nguo juu ya jiwe. Maximilla akatoka akaenda hadi kwenye michongoma.

"Selpher."

Kupiga nguo kukanyamaza. Kichwa kikachomoza, cheupe sasa, kilemba kimeenda upande.

"Kuna kesi gani?" Selpher akauliza. Ndivyo watu wote walivyomwuliza siku hizi akiwaita.

"Hakuna kesi. Nina kuku. Mgeni wangu ameenda bila kula."

Selpher alimtazama. Akatazama mlango ulio wazi, na sahani zilizokuwa mezani. Mikono yake ilikuwa na povu mpaka kwenye viwiko.

"Wewe ulikataa zangu mara ngapi, Maximilla?" aliuliza. Hakuuliza kwa ukali.

Maximilla angeweza kusema alikataa za wote. Alikuwa amelisema hilo kwa miaka kumi na tisa.

"Nafua," Selpher akasema, akarudi kwenye jiwe lake.

Maximilla akaingia ndani, akaketi mbele ya sahani ya Mitchel. Aliona fahari juu ya msichana yule, fahari kubwa, na hakukuwa na mtu wa kumwambia. Paka akaja akajisugua kwenye mguu wa meza. Akamsukuma kwa upole, kama alivyozoea kusukuma sahani za watu, akaichukua firigisi kwa vidole vyake, akaila mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Ilikuwa ngumu, na ilikuwa imepoa. Akaitafuna mpaka ikaisha, huku nguo za Selpher zikipigwa juu ya jiwe ng'ambo ya ua.